Tope la choo shambani: jua la wiki mbili halitoshi

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina ekari mbili huku Kisarawe. Nalima mahindi, na karibu na kisima nina matuta ya mchicha na bamia. Mbolea ya dukani imenishinda bei. Mwezi uliopita dereva mmoja wa gari la kunyonya vyoo alinifuata, akasema badala ya kwenda kulipia kwenye bwawa la majitaka atakuwa anamwaga kwangu bure, na hela ya soda atanipa. Jirani ananisukuma nikubali. Anadai tope la choo likipigwa jua wiki mbili na kunyunyiziwa majivu halina neno, na kweli mahindi yake yamenona. Nishauri kabla gari halijarudi.
Mama wa Ekari Mbili

JIBU: Marahaba mwanangu. Gari likirudi, mwambie dereva aendelee na safari yake ya bwawani.

Mahindi ya jirani yako hayanishangazi. Tope la choo lina naitrojeni na fosforasi, na mahindi hayaulizi chakula kimetoka wapi. Anayepaswa kuuliza ni wewe unayeingia shambani na ndala, na mtoto anayechezea udongo kisha akala embe bila kunawa.

Nilikaa miaka 14 kwenye maabara ndogo kando ya mabwawa ya majitaka, kazi yangu ikiwa kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Mnyoo jike mmoja, wale warefu wa tumboni, hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na ganda la yai hilo ni gumu ajabu. Siku moja nilichota tope lililokaa miezi minne kwenye vitanda vya kukaushia. Lilikuwa jeusi, halinuki, ungelidhania udongo wa kuoteshea miche. Nikayatenga mayai yake, nikayaweka kwenye joto la nyuzi 28 kwa wiki nne. Nilipochungulia, nikaona vijinyoo vinajikunja ndani ya maganda. Hiyo ni miezi minne ya jua la pwani. Jirani yako anazungumzia wiki mbili. Jua hukausha gamba la juu tu, chini yake ubichi uko palepale.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka tope la kwenda shambani liwe na yai pungufu ya moja kwa kila gramu ya tope kavu. Kwa joto kama letu, la nyuzi 20 hadi 35, unasema lihifadhiwe zaidi ya mwaka mzima, tena bila kuongezewa jipya juu yake. Hapo kwenye jipya ndipo wengi tunapoharibu: rundo lina miezi kumi, gari linakuja, tunamwaga humohumo, hesabu inaanza upya. Majivu nayo husaidia, ila yawe mengi kiasi cha kuifikisha pH ya rundo zima (kipimo cha uchachu; kikipanda, uchachu umepungua) juu ya 9 na kuishikilia hapo zaidi ya miezi sita. Ya kunyunyiza kama chumvi kwenye mchuzi hayafanyi hivyo.

Kinachoua mayai upesi ni joto la mboji. Tope lililokwisha kukaushwa huchanganywa na maranda, mabua au nyasi kavu, nyasi zikizidi tope kwa mbali, likarundikwa kimo cha mita moja na nusu. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kipimo wanachotumia Marekani kwa rundo la namna hiyo ni nyuzi 55 kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe mara tano au zaidi, kwa sababu pembeni hapapati moto kamwe na mayai ya pembeni lazima yaingizwe katikati. Kama huna kipimajoto, chomeka nondo hadi moyoni, isubiri dakika kumi, kisha uishike. Ukiweza kuing'ang'ania kama unashika jembe, bado.

Yote hayo ni kwa vitu vyenye uhai. Risasi, zebaki na kadimi ni metali zenye sumu, hazina uhai wa kutolewa, na hapa ndipo wenzangu wengi hukasirika nikiwaeleza: mboji huongeza makali yake. Rundo likioza hupungua hata nusu, lakini metali haipungui, kwa hiyo kila kilo ya mboji inabeba metali nyingi kuliko kilo ya mchanganyiko ulioanza nao. Kuziosha kwa asidi kunawezekana maabara. Gharama yake haibebeki, na mwisho unabaki na pipa la asidi lenye metali zilezile.

Kwa hiyo dawa iko mwanzo wa bomba. Muulize dereva swali moja: hili umenyonya wapi? Choo cha nyumba ya kawaida kwa kawaida hakina metali nyingi, labda wenyewe wawe wanatupia betri za tochi shimoni. Likiwa limetoka karakana ya magari, kiwanda cha ngozi au cha rangi, hilo hata ulihifadhi miaka kumi usiliguse. Na dereva anayekwepa kulipia bwawani, sidhani kama atakwambia ukweli.

Kadimi hupenda sana mboga za majani, hasa udongo ukiwa na uchachu. Mchicha wako basi uuache na samadi ya ng'ombe, na kisima usikisogelee na tope la aina yoyote. Ukipata tope lililosafishwa kwenye mtambo unaoeleweka, lipeleke kwenye mahindi au migomba, ulifukie kabla ya kupanda, ukiwa na buti na glovu.

Kuna jambo moja la kukusaidia ukienda kununua mboji ya tope. Kwenye vile vitanda vyetu vya kukaushia ilikuwa ikiota minyanya mizuri ambayo hakuna aliyeipanda. Mbegu zilipita kwenye matumbo ya watu, zikapita kwenye bwawa, zikachipua. Watoto wa jirani waliziiba hizo nyanya, tukawafukuza kila siku. Basi mtu akikuonyesha rundo akisema limeshaungua vizuri, chota kopo moja, limwagilie maji, liweke dirishani wiki mbili. Ukiona mche wa nyanya umechomoza, mrudishie kopo lake.