Shangazi, nimekodisha shamba la ukweni sababu muda ulikuwa umeisha, sasa mume kaninunia

"Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Uyole, Mbeya. Baba mkwe alifariki mwezi wa sita, kaacha shamba eka 3 kule Isongole. Watoto wake wako wanne, tumekaa vikao vitatu hakuna linaloeleweka, wifi anataka mahindi, mume wangu viazi, shemeji mmoja ni dereva wa malori ya Congo hapatikani, mwingine kila kitu anasema sawa tu, mama mkwe hataki likodishwe kabisa. Mvua hizo zinaingia na mteja yupo na hela mkononi, kasema mwisho Jumatatu. Jumamosi usiku nikaandika kwenye grupu la familia kwamba asiyejibu mpaka kesho saa 12 jioni tutajua kakubali. Hakuna aliyejibu. Nikapokea laki 4 na nusu ya kuanzia, tukaandikishana misimu miwili. Sasa mama mkwe haniongeleshi na mume kanigeuzia mgongo wiki ya pili. Nimewasaidia alafu nimekuwa adui. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa huo mgongo, najua unavyouma, hasa kwa baridi ya huko kwenu. Ila sitakudanganya, kwenye hili mimi niko na mama mkwe wako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama mkwe umemtaja kwamba hataki, basi. Kwanini hataki hujaandika, na nadhani hujaandika kwa sababu hukumuuliza. Hivi huyo mama ana WhatsApp? Mjane wa miezi mitano, yuko Isongole, mi namuona na kitochi chake kimefungwa mpira ili betri isidondoke, usiku anakiwasha kumulika njia ya chooni. Huo ujumbe wako wa Jumamosi usiku yeye aliusomea wapi? Na shemeji wa lori umesema mwenyewe hapatikani, mtu akishavuka mpaka pale Tunduma anaweza kukaa siku kadhaa laini haishiki, we unampa masaa chini ya 24 alafu unahesabu kakubali. Jumapili yenyewe watu wako kanisani. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ndo huo unaousikia kitandani kwako sasa hivi.

Alafu kaburi la mzee liko wapi? Umeniambia eka 3, umeniambia viazi, kaburi hujalisema. Huku kwetu watu wengi wanazikwa nyumbani, pembeni ya shamba, udongo unakuwa bado haujakaa sawa hata msalaba umeinama kidogo. Mkodishaji wa viazi analima hadi mwisho wa mpaka, vibarua wanapita, watu wa kupiga dawa ya ukungu wanapita na mabomba mgongoni, magunia yanarundikwa popote. Kama mzee kalala hapo, basi mama mkwe hajawahi kukataa hela yenu, alikuwa anakataa mtu baki asikanyage alipolala mume wake na hana namna ya kulisema hilo kwenye kikao ambacho nyie mnabishana bei ya gunia. Kama siyo kaburi ni kitu kingine, lakini kipo. Mtu mzima haKATAI bure.

Na hili la muda umeisha, hapana. Mi nimekulia Makete, mvua za nyanda za juu hazijawahi kutushtukiza, zinaanza Novemba zinaenda hadi Aprili au Mei, kila mwaka. Mzee kazikwa Juni, mlikuwa na kiangazi kizima. Wa kuogopa kuchelewa ni wa mahindi, kiazi kinakaa miezi mitatu minne ardhini, wiki moja ya kuongea isingeua mtu. Aliyekukimbiza ni mteja, sio mvua, na mteja kukimbiza ndo biashara yake, we ukaichukua ile haraka yake ukaigeuza fimbo ya kuwachapia ndugu wa mume wako.

Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Mjomba wangu alifia Iringa mjini, ndugu wakataka azikwe nyumbani Makete, mke wake akataka azikwe hapohapo mjini. Gari limeshakodiwa liko nje dereva anapiga honi, watu wanapandishiana sauti. Akasimama babu mmoja akakataa kabisa kuuliza nani anataka nini. Akamwendea kila mtu mmoja mmoja, akamuuliza, "kitu gani kikifanyika leo hutaweza kukisamehe?" Mjane akasema nikikosa kaburi la kwenda kupalilia mwenyewe sitasamehe. Wale ndugu wakasema wao tatizo siyo kaburi, ni msiba kufanyikia ugenini, mama yao mzee ashindwe kupokea watu kwake. Kumbe walikuwa hata hawagombanii kitu kimoja! Akazikwa mjini, matanga yakaanuliwa Makete. Chai iliyokuwa imemiminwa wakati babu anaanza kuuliza ilikuwa haijapoa. Kwaiyo usiniambie kusikiliza watu kunapoteza muda, vikao vyenu vitatu ndo vilipoteza muda maana kila mtu alikuja na jibu lake mfukoni.

Kingine, hiyo karatasi ya misimu miwili uliisaini kama nani? Mali ya marehemu ina msimamizi wa mirathi, ukoo unakaa unapendekeza jina, muhtasari wa kikao unapelekwa mahakama ya mwanzo, mahakama ndo inamteua. Kama bado hamjafanya hivyo hata mume wako hana mamlaka ya kulikodisha peke yake sembuse wewe. Zamani kwa Wanyakyusa mkamwana alikuwa hata njia moja hapishani na baba mkwe, anajificha apite kwanza, sisemi turudi huko, nasema tumetoka mbali sana hadi kufika mkamwana kuandikishana shamba la baba mkwe na mtu wa sokoni.

Na ndoa za siku hizi zimenichosha kwenye hili. Mke yuko jikoni mume yuko sebuleni wanaulizana kwa meseji ada imelipwa? Kila jambo lijibiwe sasa hivi, ukichelewa umekubali au umedharau. Wanaume nao wananyamaza kwenye kikao ili wasionekane wabaya kwa mama zao, alafu mke akishaharibu ndo wananuna, mume wako nae hilo analo, alikuwa kwenye hilo grupu, aliuona ujumbe, angesema subiri. Ila yeye hajaniandikia, umeandika wewe.

Sasa fanya hivi. Leo usiku mwambie mumeo laki 4 na nusu iko wapi. Barua yako haijasema na hilo limenikaa. Kama imeguswa sema imeguswa kiasi gani, asije akaambiwa na mtu mwingine. Kesho mpigie mteja, umwambie makubaliano yamesitishwa kwanza, akitaka hela yake arudishiwe, akitaka kusubiri asubiri.

Jumamosi pandeni gari la asubuhi wote wawili mwende Isongole, mbebe sukari na sabuni, simu ibaki kwenye mkoba. Umuombe mama msamaha kabla hujakaa, alafu umuulize lile swali la babu. Wifi na mashemeji wapigiwe simu kwa sauti, sio meseji, wa lori asubiriwe hadi apatikane. Mkifika kwenye kuamua msiamue shamba zima na maisha yote, amueni msimu huu tu. Kama kaburi lipo hapo, upande huo aachiwe mama alime maharage yake, upande uliobaki mahindi au viazi au mteja, lile ambalo wote wataweza kulisamehe. Mengine ya mirathi mkae baada ya kuvuna, mwezi wa saba, mkiwa mmeshiba.

Na mama mkwe akikaa kimya hapo mbele yako usiendelee kuongea. Msaidie kumenya ndizi, subiri.