Kwa anayeanza tarumbeta: niliyojifunza kwa Roy Hargrove

Mdogo wangu, kama umeshika tarumbeta juzi tu na unatamani kupiga jazi iliyochanganyika na fanki, souli na hip hop, tafuta Hard Groove, albamu aliyoitoa Roy Hargrove, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, mwaka 2003 na kundi lake la The RH Factor. Kaa nayo mwezi mzima kabla hujahamia nyingine. Mimi niliijua nikiwa nimeshaharibu kazi.

Nilijifunzia kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa, Kilimanjaro. Kule unapuliza sauti yako kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukinyamaza, mwalimu anageuka kukutazama. Nilipohamia mjini nikaitwa na vijana wa hip hop waliotaka kupanda jukwaani na vyombo badala ya biti za kompyuta. Nikajaza kila upenyo. Mchanaji akivuta pumzi nipo, akiendelea kuchana bado nipo. Baada ya onyesho la tatu simu haikuita tena, na walikuwa na haki.

Basi sikiliza wimbo wa "I'll Stay" kwenye albamu hiyo. Ni wimbo wa zamani wa Funkadelic, kundi la fanki, wa mwaka 1974, na humu anauimba D'Angelo, mwimbaji wa souli. Jina lililo kwenye jalada ni la Hargrove, lakini mwenye wimbo ni mwimbaji, na tarumbeta inajua hivyo. Halafu sikiliza "Poetry": rapa Q-Tip anachana, kisha mwimbaji Erykah Badu anaingia, na wimbo unabadilika kama mtu aliyetoka sebuleni kwenda barazani. Badu na Hargrove walisoma sekondari moja ya sanaa kule Dallas, ile yenye jina la Booker T. Washington, na mwaka 2000 Hargrove alikuwa ameshapuliza kwenye Voodoo ya D'Angelo na Like Water for Chocolate ya rapa Common. Albamu zote hizo, na Hard Groove pia, zilifanyiwa kazi Electric Lady, studio aliyoijenga mpiga gitaa Jimi Hendrix pale New York. Kwa hiyo wageni hawa hawakuletwa ili majina yao yauze. Walikuwa wanafahamiana kimuziki, na inasikika.

Sasa zoezi, maana hapa ndipo wengi tunapokwama. Weka wimbo wowote wa fanki, chagua noti mbili, basi. Kwa dakika kumi usipulize noti ya tatu. Utachoka haraka, kisha utaanza kusikia kitu ambacho hukukisikia: noti ya fanki ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake ni mdundo pia. Kanisani tuliiacha noti ife yenyewe. Huku unaikata kwa ulimi, "dat", na ukimya unaofuata unampa nafasi mpiga dramu. Jirekodi kwa simu. Ukijisikia uko mbele ya dramu, wewe ndiye unayekimbia. Kwenye Voodoo, Questlove kwenye dramu na Pino Palladino kwenye besi wanavuta mdundo nyuma kidogo, kama mtu anayekuja mezani bila haraka. Mpulizaji mwenye pupa hawezi kukaa hapo. Mimi ilinichukua miezi, na hata leo nikiwa na hofu ya jukwaa narudia kukimbia.

Zoezi la pili nimelipata kwenye hiyo hiyo Voodoo, ambako Hargrove alirekodi sauti za tarumbeta moja juu ya nyingine, yeye mwenyewe, mpaka zikawa kundi. Rekodi wimbo wako, kisha ongeza sauti ya pili, na ya tatu. Kama sauti ya kwanza imepanda kidogo juu ya ilipotakiwa, zote zitagombana na huwezi kuziokoa. Tuliotoka kwenye bendi za makanisa tuna faida hapa: masikio yetu yamezoea sauti nne.

Usije ukaruka jazi yenyewe ukidhani mchanganyiko ni njia ya mkato. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu naona vijana wengi wakilifanya. Kabla ya Hard Groove, Hargrove alikuwa ameshapata tuzo ya Grammy kwa albamu ya Habana, aliyopiga na wanamuziki wa Kuba, na nyingine kwa kazi aliyoshirikiana na mpiga piano Herbie Hancock na mpiga saksofoni Michael Brecker. Noti zake mbili zina uzito kwa sababu nyuma yake zipo elfu alizochagua kutozipuliza. Kwa kuanzia, jifunze "Strasbourg/St. Denis", wa albamu yake ya Earfood ya mwaka 2008. Besi inaanza peke yake. Ijifunze besi hiyo kwanza kwa tarumbeta yako, uiimbe hata ukioga, ndipo uguse melodi.

Kuhusu midomo: ikianza kuuma, weka tarumbeta chini. Dakika ishirini, pumziko, dakika ishirini tena.

Hargrove alifariki tarehe 2 Novemba 2018, akiwa na miaka 49, baada ya kuishi miaka mingi na ugonjwa wa figo huku akiendelea kupiga. Nilipopata habari ile nilisikiliza Hard Groove usiku kucha.

Ukishaizoea, rudi nyuma kwa Donald Byrd, mpiga tarumbeta wa jazi aliyekuwa pia mwalimu wa chuo. Black Byrd ya mwaka 1973 ni fanki iliyowaudhi baadhi ya wapenzi wa jazi, na miaka ishirini baadaye utamkuta kwenye Jazzmatazz, albamu ya rapa Guru, akipuliza kati ya mistari yake. Sikiliza anavyomsubiri Guru amalize.