Maswali ya Wasomaji: Lenzi Moja ya Safari

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina kamera ya Canon 700D na lenzi yake ya 18-55. Mwezi ujao nakwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani, kisha nateremka Dar kwa treni ya SGR. Nataka lenzi moja isiyotoka kwenye kamera safari nzima, na isinimalize mfukoni. Muuzaji ananisukumia 18-300. Nimsikilize?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Hapana. Tafuta Canon EF-S 18-135mm IS STM iliyotumika (namba ni milimita: ndogo hupiga kwa upana, kubwa huvuta mbali; IS ni kituliza mtikisiko). Iliuzwa kwa wingi pamoja na kamera za aina ya hiyo yako, hivyo hazikosekani na bei inajadilika. Ina gramu 480 tu. Hizo 18-300 zinavuta mbali zaidi, sawa, lakini nyingi ni nzito kuliko hiyo, na ukifika 300 tundu la mwanga linabana hadi f/6.3 (namba ikikua, tundu linapungua) na picha inapungua ukali. Kwa safari yako hata hutafika huko mara nyingi.

Kolo utahitaji upana kuliko kuvuta. Michoro iko chini ya miamba iliyoinama, rangi nyekundu imefifia, na mwanga ni mdogo. Kaa kati ya 18 na 24, tundu f/4, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800 hadi 1600, kituliza mtikisiko kikiwa kimewashwa. Mwamba hautembei, kwa hiyo hata kasi ya 1/15 ya sekunde inawezekana ukibana viwiko mbavuni. Ila kituliza mtikisiko hutuliza mkono wako tu. Mtoto anayekimbia anataka 1/500. Flashi iache, na usiegemee ukuta wenye michoro.

Ndani ya treni sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, maana kikitikisika na lenzi inatikisika. Weka 1/1000. Vitu vya karibu na reli vitafutika tu, basi lenga vilima na mibuyu ya mbali.

Kuhusu vumbi, hapo ndipo lenzi moja inapolipa. Kiangazi cha Dodoma na upepo wake, kila ukichomoa lenzi unaifungulia mlango sensa, yaani kibamba kinachonasa picha. Lakini zumu inayorefuka nayo huvuta hewa ndani, kwa hiyo pangusa bomba lake kwa brashi laini kabla ya kulirudisha. Chembe mbili tatu ndani ya lenzi hazionekani kwenye picha, usimwachie fundi aifungue kwa ajili hiyo.

Siku ya kununua, nenda na kamera yako. Mulika tochi ya simu kutokea upande wa nyuma wa lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, irudishe. Kagua pete ya mbele ya filta, ambayo ni ya 67mm. Ikiwa imebonyea, ilishaanguka. Kisha piga picha ukuta wa matofali ukiwa umesimama sambamba nao, kwa 18, 50 na 135, na uzikuze kwenye skrini. Kona zote nne zikififia kidogo si tatizo. Kona moja tu ikiwa na ukungu, vioo vya ndani vimehama, na kuvirekebisha kunaweza kuzidi bei ya lenzi yenyewe.

SWALI: Nimenunua Nikon AF 28-200mm ya herufi D kwa ajili ya kamera yangu ya Nikon D3400. Haifokasi yenyewe. Nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Inawezekana ni nzima. D3400 haina mota ya kufokasi (kulenga picha iwe wazi) ndani ya mwili wake, na lenzi za AF za zamani zinategemea mota hiyo. Unaweza kuitumia kwa kuzungusha pete kwa mkono. Kitone cha kijani ndani ya kitundu cha kutazamia kikitulia, fokasi imekaa. Pete ya tundu la mwanga ifunge kwenye namba kubwa kabisa, la sivyo kamera itagoma.

Hata hivyo, kwa safari haikufai sana: kwenye sensa ya D3400, 28 inaonekana kama 42, yaani upana unapungua, utapiga nyumba ukose paa. Kama muuzaji anakubali kubadilishana, omba AF-S 18-105 VR au 18-140 VR (VR ni kituliza mtikisiko cha Nikon). Herufi za kutafuta kwenye lenzi ya kamera yako ni AF-S au AF-P, maana hizo zina mota yake ndani. Na mwambie aipachike mbele yako, ubonyeze nusu kitufe, usikie mota ikifanya kazi kabla hujatoa hela ya kuongezea.