Mtaala ni jumuishi? Nionyesheni fomu zenu

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Mtwara, kwenye tiba kwa vitendo (kumsaidia mgonjwa ajiweze tena katika shughuli zake za kila siku), nilimfundisha mzee mmoja wa Tandahimba kula kwa mkono wa kushoto. Kiharusi kilikuwa kimeuacha wa kulia mzito kama gogo. Wodini alikula vizuri, nikampa alama zote 10 za kula kwenye fomu ya kipimo. Wiki tatu baadaye mkewe akaja. "Mwanangu, mzee hali na wenzake siku hizi. Anangoja watu wanawe mikono, waondoke, ndipo amege tonge lake."

Mkono wa kushoto, kazi yake tunaijua. Nami niliijua, mtoto wa Newala. Ila darasani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilichotoka nacho nyumbani nacho ni elimu.

Kwa hiyo ukinikaribisha kutathmini ujumuishi wa kozi ya tiba kwa vitendo, sera iliyobandikwa ukutani baki nayo. Nipe fomu unazofundishia. Chukua kipimo cha Barthel, cha kuona mgonjwa anajiweza kiasi gani katika shughuli za kila siku, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965: alama 100, na 10 kati yake ni za kupanda na kushuka ngazi. Nyumba ya bibi yangu ina kizingiti tu! Kwenye kula, mwongozo unaotumika sana unataja kupaka siagi. Kuinuka mkekani, kuchuchumaa chooni, kukalia mbuzi ukune nazi, humo hayamo. Kipimo kina faida zake, sisemi kitupwe. Lakini mhadhiri awaulize wanafunzi: kwenu hili linapimwaje? Asipouliza, basi mchanganyiko wa makabila darasani ni wa kupigia picha tu.

Halafu hesabu. Vyuo hupenda kuhesabu walioingia. Wewe hesabu waliomaliza, na walioacha watafutwe waulizwe. Mwenzetu mmoja alitembelea magongo, na chumba cha kujifunzia vifaa saidizi kilikuwa ghorofani. Ghorofani, jamani. Tulimbeba miezi miwili, akachoka kubebwa, akaondoka. Taarifa ya mwaka ule bado ilimtaja kwenye mafanikio ya udahili. (Mimi nilichekwa lafudhi ya Kimakonde tu, hilo lilipita.)

Uliza pia saa za fildi zinaishia wapi. Shirikisho la dunia la taaluma yetu linataka zisipungue 1,000. Zikiishia zote hospitali kubwa, mwanafunzi hatamwona mama anayebangua korosho kwa mkono mmoja. Wanaokuja kwangu nawapeleka majumbani siku mbili kwa wiki. Wanakaa mkekani, wanakula kilichopo, hata kama ni ming'oko, viazi vya porini, na saa ya kwanza hakuna kutoa kalamu.

Yule mzee tulimrudia. Mjukuu wake sasa hukaa kuliani kwake, huushika mkono wa babu mpaka kwenye ugali, na tonge humegwa kwa vidole viwili vyenye nguvu kidogo. Kwa mujibu wa fomu huyo anahitaji msaada, kwa hiyo alama zake za kula zimeshuka kutoka 10 hadi 5. Amerudi kwenye sinia na wenzake.