Muulize Mwalimu Mstaafu: Alikuwa wa kwanza, sasa hataki shule

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Kilimanjaro; sisi tunaishi Morogoro. Shule ya msingi hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili. Huko bweni muhula uliopita amekuwa wa 61 kati ya 88. Baba yake amemwahidi simu akipata divisheni wani kwenye upimaji wa taifa, na amempiga marufuku kucheza mpira mpaka matokeo yatoke. Likizo hii hali chakula vizuri, haongei. Anashika kitabu tangu asubuhi, lakini kila nikipita ukurasa ni uleule. Sasa anataka kuhamia shule ya kutwa hapa nyumbani. Baba anasema ni uvivu. Mama T., Kihonda

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hiyo 61, maana naona ndiyo inayowanyima usingizi. Shule inayochuja wanafunzi hukusanya watoto waliokuwa wa kwanza huko walikotoka, na hata wakiwa mabingwa wote, mmoja wao lazima awe wa 88. Akili ya mwanao haikudondoka Chalinze. Mtafiti Herbert Marsh ameandika tangu miaka ya 1980 kwamba wanafunzi wawili wenye uwezo sawa hawajioni sawa: aliyezungukwa na wakali hujiona mjinga kuliko yule aliye katika darasa la kawaida. Kama alisoma msingi kwa Kiswahili, ongeza na Kiingereza cha sekondari. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Nyumbani kwenu nafasi bado zinatangazwa.

Lakini kilichonishtua ni kingine. Barua yako nimeirudia nikitafuta rafiki hata mmoja wa huyu mtoto. Nimekuta nafasi, divisheni, simu. Rafiki hayumo.

Nimekuwa patroni wa bweni miaka mingi, na nilifundisha hisabati. Mtoto asiye na mtu wa kukaa naye prepu, ule muda wa kujisomea usiku, hakwami kwa kukosa akili. Anafika swali la nne, halitoki, na hana wa kumuuliza, "Hii umeipataje?" Kumuuliza mwalimu mbele ya darasa anaona aibu. Basi anaandika swali tena, vizuri kabisa, kwa mwandiko wa kupendeza, halafu anakaa. Mwalimu akipita anamwona anasoma. Wenzake watatu wa meza ya pili wanabishana kwa sauti, wanafokewa, lakini wanaondoka na jibu. Hawa wanaobishana ndio niliokuwa nawaona wanapanda muhula hadi muhula. Ule ukurasa usiofunuliwa unaouona wewe Kihonda, naamini ulianzia prepu.

Sasa baba naye kamnyang'anya mpira! Uwanjani ndiko mgeni hupata jina la utani, na ukishapata jina la utani bwenini umeshapata watu. Mwambie mzee, kwa heshima zangu zote, marufuku hiyo aifute kabla likizo haijaisha.

Kuhusu simu. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi wakaahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Baadaye, vyeti vilipokwisha, walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa hamu. Ahadi ni deni, kwa hiyo baba asiivunje. Aitenganishe tu na divisheni: ampe simu likizo ya mwisho wa mwaka, wani isiwe wani. Najua atanuna.

Mpigie mwalimu wa darasa, na alama usiziulize. Uliza anakula na nani, prepu anakaa na nani, nani anamtania. Omba apewe mwenzake mmoja dhaifu wa somo analolimudu, amweleweshe. Kuhama kusiamuliwe wiki hii, lakini msimcheke kwa kulitaja. Kama kufikia mwisho wa muhula ujao hana hata mmoja wa kusimulia habari zake, shule ya kutwa si fedheha. Ila akiendelea kutokula wala kulala, au akitamka kwamba amechoka kuishi, usingoje toleo lijalo la gazeti. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na shuleni umjulishe mwalimu wa ushauri nasaha.

SWALI: Mwalimu, niko kidato cha tatu. Nikijibu darasani wenzangu wananiambia najidai, kwa hiyo siku hizi najua jibu na nanyamaza. Nikinyoosha mkono napoteza marafiki, nisiponyoosha najisikia vibaya. Binti wa Tanga

JIBU: Mwanangu, wanaokusema darasani usiku wanakuja kuomba daftari lako, au nakosea? Usiwanyime. Ila badala ya kuwapa wakanakili, waambie mkae wote, na wao ndio waanze kueleza hata kama wanakosea. Wewe malizia tu. Hilo kundi likishakuwapo, darasani nyoosha mkono mara mojamoja na useme, "Jana tulijadili tukaona hivi." Ni vigumu watu kukusema kwa jibu ambalo na wao wamo ndani yake. Atakayeendelea kununa baada ya hapo, muache anune, una mitihani mwakani.