Mleta mada, usimpige elki kabla hujajua nyama itatokaje

Mleta mada, simama hapo hapo. Nimesoma bandiko lako na majibu yote ya wakuu waliotangulia, na hakuna hata mmoja aliyegusa sentensi yako ya mwisho. Umesema unaishi Aurora, umeshanunua tagi, yaani kibali cha kuwinda, ya dume wa elki (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) kwa msimu wa pili wa bunduki hapa Colorado, mko watatu, na mtaingia Flat Tops Wilderness, pori lililotengwa kisheria, kilomita nane kutoka mtakapoacha gari. Umeuliza bunduki ipi kati ya mbili, darubini ipi, buti za aina gani, mazoezi yaanze lini, na kama uanze kukusanya pointi za bahati nasibu ya tagi ya mwaka kesho. Halafu ukamalizia hivi: tukimpata jioni tutamtoa matumbo, tutamwacha apoe na baridi ya usiku, asubuhi tutarudi na mkokoteni kumchukua.

Na watu wote wamekujibu kuhusu darubini!

Mkuu, kwa mpango huo utapoteza mapaja ya nyuma, na hakuna sehemu ya elki yenye nyama nyingi kuliko hiyo. Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi na wenzangu tulipanda milimani na mpango huo huo. Ilikuwa upande wa juu wa Meeker, mwisho wa Oktoba, theluji inafika vifundoni, usiku chupa za maji zinaganda ndani ya hema. Dume alianguka jua likiwa limeshazama, dakika chache kabla ya muda wa kisheria kwisha, maana hapa mwisho wa kupiga ni nusu saa baada ya magharibi. Tulimtoa matumbo kwa mwanga wa tochi za kichwani, tukamwekea kijiti kifuani ili abaki wazi, tukamwacha juu ya theluji safi, tukapeana mikono, tukashuka kambini kulala. Kila mmoja wetu aliamini baridi itafanya kazi iliyobaki.

Asubuhi tulimkuta mgumu kwa nje, manyoya yameshika barafu. Tulipoanza kuchuna, mvuke ukatoka. Usiku kucha kwenye baridi kali, na chini ya ngozi bado kuna mvuke! Kisu kilipofika kwenye nyonga, harufu ikatupiga usoni. Nyama inayozunguka mfupa ilikuwa imegeuka rangi, kijivu kinachoelekea kijani, inateleza, inanuka uchachu. Ubavu aliolalia ulikuwa na hali mbaya zaidi. Mapaja yote mawili yakaenda. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaahidi nyama kwa ndugu zake na kwa majirani wa ghorofa analoishi, watu waliokuja nchi hii wakitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wanaojua maana ya nyama. Alikaa juu ya gogo, akashika kichwa, hakusema kitu mpaka tulipoanza kubeba.

Sasa elewa kwa nini ilitokea, kwa sababu ukielewa hutahitaji kukariri. Dume mzima wa elki wa Milima ya Rocky ana kilo 300 na zaidi, mkubwa kuliko tandala mkubwa wa kule nyumbani. Joto la mwili wake akiwa hai ni kama nyuzi 38. Ngozi yake ni nene, na mwisho wa Oktoba ameshaota manyoya ya kumvusha Januari akiwa amelala kwenye dhoruba. Kazi ya manyoya hayo ni kuzuia joto lisitoke, na yanaendelea na kazi hiyo hata mnyama akiwa ameshakufa. Kumtoa matumbo kunapunguza joto la tumboni tu. Joto lililo kwenye nyonga, pale msuli mnene ulipozunguka mfupa, halina pa kutokea. Linakaa humo saa baada ya saa, bakteria wanazaliana, na nyama inaoza kuanzia ndani kuja nje huku nje ikiwa imeganda. Theluji nayo haisaidii kama watu wanavyodhani. Imejaa hewa, haipitishi joto vizuri, na ubavu ulioilalia haupati upepo hata kidogo.

Hapo ni Oktoba. Wanaowinda kwa upinde Septemba wana saa chache tu za mchana kabla ya kufika hapo hapo.

Aliyetupa ushauri ule ni mzee mmoja wa duka tulikonunua risasi. Simtaji yeye wala duka lake, lakini hasira yangu kwake haijaisha. Alituuzia kipima umbali, akatuuzia jaketi, akatuuzia dawa ya kuondoa harufu ya mwili, akatuuzia na filimbi ya kuita madume kwa ajili ya mwisho wa Oktoba, wakati msimu wao wa kupandana na kulia milimani umeshapita. Mifuko ya kitambaa ya kuwekea nyama ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na hakuigusa. Tulimuuliza waziwazi: tukimpiga jioni tufanyeje? Akatujibu kwamba juu kule ni baridi, mwacheni mpaka asubuhi, kila mtu hufanya hivyo. Mtu anayeuza vifaa vya kuulia mnyama ana wajibu wa kujua nyama inaharibikaje. Kama hajui, aseme hajui.

Na watu wa video siwaachi. Video ya nusu saa: dakika nyingi za kutembea na kunong'ona, risasi, kukumbatiana, picha na pembe, halafu ghafla wako kwenye gari wanacheka. Kati ya picha na gari kuna kazi ngumu kuliko yote waliyoonyesha, nao wameikata. Vijana wetu wanajifunza uwindaji kwa kutazama sehemu iliyobaki, ndiyo maana umeandika sentensi ile bila wasiwasi wowote. Sikulaumu wewe.

Kanuni yangu ni moja, na nataka wenzako wawili waisome pia. Msinyanyue bunduki kabla hamjajua nyama itachunwa na nani, itapoa wapi, na itatoka kwa njia gani. Swali moja likikosa jibu, mwacheni mnyama aende, hata akiwa na pembe za kutundika sebuleni.

Akianguka, saa hiyo hiyo ngozi inaanza kutoka, iwe jioni, iwe usiku, iwe mmechoka namna gani. Wala hamna haja ya kumpasua tumbo. Akiwa amelala ubavu, kata ngozi kufuata uti wa mgongo, toka shingoni mpaka karibu na mkia, uichune kushuka tumboni. Bega la mbele halina kiungo cha mfupa kinacholishika na mwili, ni misuli tu, kwa hiyo linatoka kwa kisu peke yake. Paja la nyuma ukate kuzunguka nyonga mpaka uone kichwa cha mfupa, ukate kano, linaachia. Toa sarara yote ya mgongoni, toa nyama ya shingo, kisha mgeuze upande wa pili. Sarara ndogo za ndani unazifikia kwa mkono nyuma ya ubavu wa mwisho. Watu wawili wenye visu vikali wanamaliza kwa saa mbili au tatu, na wa tatu anashika miguu na kumulika. Kinoo kiwe mfukoni, maana manyoya yamejaa mchanga na yanaua makali haraka sana.

Kila kipande kiingie kwenye mfuko wake wa kitambaa kinachopitisha hewa. Plastiki ni marufuku, inafungia joto na unyevu ndani. Tundikeni kwenye tawi, kivulini, upande wa mlima unaotazama kaskazini. Kama hakuna tawi la kufaa, pangeni magogo na mlaze vipande juu yake hewa ipite chini. Mkiwa na mashaka na paja, lipasueni mpaka kwenye mfupa palepale ili joto litoke. Usiku huo nyama itapoa kweli, na asubuhi mtakuta kitu cha kubeba.

Kuhusu kubeba, tufanye hesabu ya kilomita zako nane. Dume mmoja anatoa mizigo kama sita: mapaja mawili, mabega mawili, mfuko wa sarara na nyama ya shingo, na kichwa chenye pembe kama mnakitaka. Paja moja na mfupa wake linafika kilo 25 au zaidi. Watu watatu, mizigo sita, ni mizunguko miwili. Kila mmoja wenu atatembea kilomita 24, na 16 kati ya hizo akiwa na mzigo mgongoni, kwenye mwinuko wa kama mita 3,000, wakati mwili wako umezoea 1,600 za Aurora. Na njia si tambarare. Mbawakawa waliua misitu mizima ya Flat Tops miaka ya 1940, wengine wameshambulia Colorado kwa awamu nyingine baadaye, na magogo yaliyoanguka yanakulazimisha kuinua mguu mpaka kiunoni huku paja la elki likikuvuta nyuma. Hapo bado hamjabeba hema wala vyombo.

Mkokoteni usahau. Ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa Sheria ya Wilderness ya mwaka 1964 vyombo vya magurudumu vya aina hiyo haviruhusiwi, hata visivyo na injini. Ungefika mpakani na askari wa msitu akakurudisha, nyama iko ndani, nawe huna mpango wa pili.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza wekeni mpaka: kilomita tatu kutoka kwenye gari, zisizidi, na mpaka huo mpimeni kwenye ramani mkiwa nyumbani. Mkitaka kwenda mbali zaidi, tafuteni sasa hivi mtu mwenye kibali cha kubeba nyama kwa farasi au lama ndani ya msitu ule, mkubaliane bei, mpate jina la njia anayoweza kufika, na njia ya kumpata kule ambako simu haishiki. Ukimtafuta siku mnyama ameshaanguka utamkuta ana kazi za watu wengine. Vivyo hivyo mwenye bucha la kukata nyama ya mawindo: mpigie kabla ya msimu umuulize kama anapokea na anafunga saa ngapi, kwa sababu wiki ile wanajaa na wengine hufunga mlango. Kwenye gari yawepo makasha mawili makubwa ya barafu, ndani yake madumu ya maji yaliyogandishwa tangu nyumbani. Barafu ya vipande inayeyuka na kulowesha nyama, dumu halilowishi.

Sheria nayo inataka mpango huo huo. Idara ya wanyamapori, Colorado Parks and Wildlife, inataka tagi ifungwe kwenye mzoga, na ushahidi wa jinsia ubaki umeshikana na nyama mpaka ifike nyumbani au kwenye bucha, kwa hiyo mnapokata paja moja liacheni na korodani zake. Kuacha nyama inayolika porini ni kosa: mapaja, mabega na sarara zote lazima zitoke. Mtu aliyepiga dume kilomita nane ndani kisha akashindwa kumbeba ana kesi, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mazoezi uliyouliza yaanze wiki hii, na yawe ya kubeba. Weka madumu ya maji kwenye begi, panda kilima, ukifika juu mwaga maji ili magoti yapumzike wakati wa kushuka. Anza na kilo 10 uongeze taratibu mpaka 25. Ukifika hapo, acha kumwaga, shuka nayo, kwa sababu nyama utaibeba kushuka pia na hapo ndipo watu wanapoteguka. Nendeni wote watatu, mwone nani anabeba nini, maana hesabu yangu ya mizigo sita inadhani kila mmoja ana uwezo sawa. Na jumamosi moja nunueni mbuzi mzima shambani kwa mtu, mchune usiku kwa tochi za kichwani, bila taa nyingine. Anayeshika kisu vibaya ajulikane huko, kabla hajajikata mkono akiwa mbali na hospitali.

Bunduki, yoyote kati ya zile mbili ulizotaja inamwangusha elki vizuri ukiweka risasi nyuma ya bega. Chukua ile unayoipigia sawasawa. Muhimu zaidi ni saa. Kuanzia saa kumi jioni jiulize kama mna nguvu za kuchuna mpaka saa tatu usiku na kutembea gizani kurudi kambini. Kama jibu ni hapana, kaeni mtazame wanavyotoka kwenye miti kuja kula, ni kitu kizuri mno kukitazama, na rudini kesho alfajiri mkiwa na mchana mzima mbele yenu.

Leta hapa jina la njia mtakayoingilia, gari litakaa wapi, na nani kati yenu ameshawahi kuchinja na kuchuna mnyama mkubwa. Nitaipitia ramani na wewe kilima kwa kilima. Na mkokoteni, kama risiti bado unayo, urudishe dukani kesho, hizo pesa zinunue mifuko ya nyama.