Mtoe tarantula wako kwenye hilo tangi refu leo, habari ya mguu baadaye

Mkuu, huyo buibui mtoe humo leo. Usingoje wikendi, usingoje mzigo ulioagiza mtandaoni ufike.

Umeandika kwamba mwenzako wa nyumba huko Birmingham amehama, akakuachia tarantula jike (buibui mkubwa mwenye manyoya), yule wa Mexico mwenye magoti mekundu, mtu mzima. Asubuhi umemkuta na miguu saba, wa nane unaning'inia kwenye wavu wa kifuniko. Ukauliza kama mguu utaota tena, umlishe nini, ununue taa ya joto au la, na kama kususa chakula ni dalili ya uzee. Halafu mwisho kabisa, kama jambo la kupita tu, ukasema tangi lina sentimita 45 kwenda juu na muuzaji amekuhakikishia halina neno, kwa sababu buibui "anahitaji nafasi ya kupanda". Na wewe umepanga kumwacha humo humo apone.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Ujerumani, nikayaamini, na yalimuua jike wangu.

Nilikuwa na wa aina hiyo hiyo. Tangi refu la kioo, wavu wa chuma juu, udongo vidole vitatu chini, gogo la kupandia na jiwe la mapambo katikati. Kila usiku alipanda kioo hadi juu akatembea kwenye wavu mgongo chini, nami nikiwaita wageni waje watazame. Nilidhani amefurahi, kumbe alikuwa anatafuta pa kutokea. Buibui huyu kwao ni upande wa Pasifiki wa Mexico, huko Colima na Jalisco, na maisha yake ni shimoni ardhini. Anakaa mlangoni pa shimo usiku, anavizia, anarudi ndani. Hapandi miti. Wapo tarantula wa mitini kweli, lakini hao wana tumbo dogo na nyayo pana zinazonata. Huyu wetu tumbo lake ni nyanya mbivu, limejaa maji na ngozi yake ni nyembamba. Anguko ambalo mjusi hataliona kabisa, yeye linampasua.

Na ule wavu ndio mtego wenyewe. Mtazame ncha ya mguu kwa karibu: katikati ya manyoya kuna kucha mbili ndogo zilizopinda. Kwenye udongo na magome zinamsaidia. Kwenye tundu la wavu wa chuma zinaingia na kunasa. Atavuta, atapumzika, atavuta tena, mwisho ama aukate mguu mwenyewe kama alivyofanya wako, ama kucha ichomoke ghafla na aanguke kwa uzito wote. Wangu kucha ilichomoka. Akaanguka juu ya lile jiwe.

Mpasuko ulikuwa ubavuni mwa tumbo, haukufika nusu sentimita. Damu yao si nyekundu. Ni maji yenye ubuluu kwa mbali, kwa sababu kinachobeba hewa ndani yake ni shaba badala ya chuma kama yetu. Ilikuwa inatoka tone moja moja, taratibu, na upole ule ndio ulionidanganya kwamba jambo si kubwa. Nikapiga simu dukani. Jibu: mpulizie maji, atapona, hawa ni wagumu.

Nikanyunyizia wanga wa mahindi juu ya jeraha, damu ikaganda. Akatembea hatua chache, jeraha likafunguka. Nikaweka wanga tena na tone la supagluu juu yake, likashika, lakini alikwishapoteza nyingi mno. Hapa pana jambo ambalo kila anayefuga lazima alijue: buibui huukunja mguu kwa misuli, lakini kuunyoosha anategemea msukumo wa damu. Damu ikipungua, miguu haina cha kuinyoosha, inajikunja yote chini ya kifua. Kwa hiyo ukiona miguu inaingia chini ya mwili ujue ndani mmekauka, iwe kwa jeraha au kwa kiu. Wa kiu unaweza kumwokoa kwa kumpa maji. Wangu hakuwa na kiu.

Yule muuzaji bado ananikera mpaka leo, na sijisikii vibaya kusema. Matangi yale yenye wavu yametengenezwa kwa mijusi, wavu upo ili mwanga wa taa upite. Alikuwa nayo mengi, akaliuza moja kwa mtu aliyekuja na swali la buibui. Nilipomrudia akaniambia jike alikuwa mzee. Uzee! Majike wa jamii hii huvuka miaka 20. Australia Magharibi kulikuwa na jike wa ukoo wa mbali wa hawa, wale wanaojenga shimo lenye kifuniko, watafiti walimpa jina Namba 16 wakamfuatilia tangu 1974 hadi 2016, akafikisha miaka 43, na ushahidi ulionyesha aliuawa na nyigu, hakufa kwa uzee. Sasa mtu akikwambia mguu ulionasa kwenye chuma ni uzee, huyo analinda duka lake.

Sheria yangu ni moja na nitairudia hadi mnichoke: ANGUKO LISIZIDI MIGUU. Pima upana wa miguu yake, kutoka ncha ya mguu wa mbele upande mmoja hadi ncha ya mguu wa nyuma upande wa pili. Pimia nje ya kioo akiwa amejinyoosha, usimshike. Jike mzima wa aina hii hufika kama sentimita 14. Basi kutoka usawa wa udongo hadi kifuniko kusizidi hapo. Wafugaji wengi huruhusu hadi mara moja na nusu, lakini kwa mzee, au aliyepungua mguu, mimi siruhusu. Tangi lako la 45 lenye udongo kidogo ni anguko la mara tatu ya miguu yake, na sasa ana kucha chache za kujishikizia.

Kwa usiku huu chukua sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, lile la chini chini lenye kifuniko cha kubana. Toboa matundu madogo pembeni kwa msumari wa moto, ukitobolea kutoka ndani kwenda nje ili upande wake ubaki laini. Jaza vumbi la makumbi ya nazi, ulishindilie, mpaka nafasi iliyobaki itimize sheria. Kipande cha gome la kujifichia, kisahani kipana kifupi cha maji karibu na gome, basi. Usiweke jiwe, wala gogo, wala pambo lolote gumu. Baadaye ukitaka kurudi kwenye kioo, jaza udongo mpaka juu na ule wavu ubadilishe kwa akriliki (plastiki ngumu kama kioo) yenye matundu.

Kumhamisha: kaa sakafuni, wewe na sanduku na tangi, ili hata akiponyoka asiwe na pa kuangukia. Mfunike kwa bakuli la plastiki linaloonyesha, msukume taratibu kwa brashi laini ya rangi, usimpulizie pumzi. Vaa miwani, hata kama huna tatizo la macho. Tarantula wengi wa Amerika hukwangua manyoya ya tumboni na kuyarusha, na hospitalini Leeds, huko huko Uingereza, mwaka 2009 alifika kijana mwenye jicho jekundu lisilopona. Madaktari wakakuta vinyweleo vimechoma utando angavu wa mbele ya jicho, na ndipo akakumbuka alikuwa anasafisha tangi la tarantula wake. (Wa kwetu Afrika hawana manyoya hayo, hata yule wa rangi ya chungwa anayeuzwa huku Ulaya kwa jina la Usambara. Yeye anauma, na maumivu yake si mchezo. Usianze na huyo.)

Wapo watakaokuja hapa chini kucheka kwamba watu wazima tunapimia buibui sentimita. Karibuni mcheke, nusu yenu mnalala kitanda kimoja na paka na sijawahi kuwauliza.

Mguu: ikiwa umekatika pale karibu kabisa na mwili, pameumbwa kukatikia hapo na hujiziba penyewe. Kikitoka kimaji, wanga kidogo unatosha. Usivute chochote kilichobaki, na usiweke unga wala gundi chini ya tumbo kwa mbele, ndiko yaliko mapafu yake manne. Utaota tena akijivua gamba, mwembamba na mfupi mara ya kwanza, ukinenepa kadiri anavyojivua. Kwa jike mzima, kutoka kujivua kumoja hadi kwingine kunaweza kupita mwaka au zaidi, kwa hiyo vumilia.

Chakula usimpe kwanza. Jike aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula na asidhurike, maji ndiyo asiyakose. Ukianza, mpe nyenje aliyekwisha kuuawa, na asipomgusa hadi kesho yake mtoe. Siku ukimkuta amelala chali miguu juu, anajivua. Funga mlango uende zako, usimgeuze, na kusiwe na mdudu hai humo ndani maana atamtafuna akiwa laini. Usimlishe tena hadi meno yake yageuke kutoka meupe, kupitia wekundu, hadi meusi kabisa.

Lakini hayo yote hayana maana akiwa bado anapanda sentimita 40 juu ya udongo. Ukimaliza kumhamisha usiku huu, rudi uandike namba mbili tu: upana wa miguu yake, na umbali kutoka udongo hadi kifuniko. Na picha ya tumbo kutoka pembeni, kwa sababu hujasema kama alipoachia ule mguu alianguka.